Daftari la Shtaka la Tatu

Spika aliuliza kama kuna mjumbe anayepinga hoja kuondolewa. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akagonga nyundo yake. Sekunde nne tu. Nilizihesabu, maana nilikuwa kwenye kiti cha watumishi nyuma ya meza ya makatibu, na sisi watumishi mle ndani hatuna ruhusa hata ya kukohoa kwa nguvu. Wiki mbili nzima ukumbi ule ulikuwa ukitukanana mpaka mate yanaruka. Siku ile ulikuwa kimya, kama darasa lililoahidiwa kutoka mapema.

Hoja ya kumwondoa Rais madarakani ikafa hivyo, bila hata kupigiwa kura. Na aliyeiua ndiye yule yule aliyeileta, mbunge tuliyekuwa tukimwita Radi kwa ajili ya sauti yake. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema anaiondoa “kwa maslahi mapana ya taifa,” akaketi. Basi! Na nyumbani mama yangu alikuwa amefungulia redio mpaka mwisho, ameita majirani, wote wanasubiri shtaka la tatu.

Hii ni miaka kumi na tisa sasa, lakini mtu akitamka “maslahi mapana” mbele yangu naondoka, sisubiri amalize.

Shtaka la tatu katika hoja ile lilihusu kifo cha kaka yangu. Alikuwa msimamizi wa zege kwenye ghorofa la serikali lililoporomoka likiwa bado linajengwa, likamfukia yeye na wenzake kumi. Ghorofa lilikuwa linakimbizwa kwa sababu Rais alikwisha kutangaza siku ya kulizindua. Tume ikaundwa, ikanywa chai miezi mitano, ikatoa jibu: uzembe wa msimamizi wa zege. Yaani marehemu kajiua, na kaua watu kumi pamoja naye. Mama alisomewa ripoti ile akiwa amekaa mkekani, akauliza swali moja tu: “Mwanangu aliwaambia, au hakuwaambia?”

Aliwaambia. Iliandikwa kwenye daftari lake la kazini, kwa ile penseli nene ya mafundi: nguzo ya nne ina ufa, nimemwambia mhandisi, mhandisi anasema tumwage tu, amri imetoka juu. Tarehe ipo, na sahihi ya mhandisi ipo pembeni, maana kaka alikuwa mbishi, hakubali neno la mdomo. Mama alilihifadhi daftari ndani ya foronya, chini ya kichwa chake.

Mimi nilikuwa mtunza kumbukumbu za Bunge, chumba cha chini kabisa, mahali ambapo wabunge huja tu wakipotea njia ya msalani. Kwa hiyo Radi aliposhuka ngazi zile mwenyewe, akaniita dada yangu, akaomba historia ya hoja zote za kumwondoa rais, nilivimba kichwa. Nikamtolea kadi. Zilikuwa tatu. Nchi yetu ilikuwa imejaribu mara tatu, na mara tatu hoja ziliondolewa na wenyewe walioziwasilisha.

Mkuu wangu, mzee tuliyempachika jina la Bwana Faharasa, alisubiri mheshimiwa aondoke, kisha akazigeuza kadi zile moja moja mezani. Nyuma ya kila moja alikuwa ameandika neno kwa mkono wake. Balozi. Mwenyekiti wa bodi. Naibu waziri.

“Binti,” akasema, “miaka thelathini niko humu. Hoja hii sijaiona ikimtikisa rais hata mmoja. Lakini kila aliyeileta imempatia kiti.”

“Huyu ni tofauti, bosi.”

“Wote walikuwa tofauti,” akasema, akaendelea kumenya chungwa lake.

Nilimkasirikia. Nilimwona mzee aliyechoka, anayetaka na sisi wengine tuchoke. Radi alikuwa amefika msibani kwetu, alikuwa amelia, na machozi yake niliyaona kwa macho yangu. Na mpaka leo siamini kama yalikuwa ya uongo. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi: angekuwa tapeli mtupu ningekwisha kumsahau.

Kamati ya Bunge iliyochambua hoja ya Radi ilitaka daftari lenyewe, haitaki nakala. Nilimbembeleza mama jioni tatu mfululizo. Ya nne akalitoa kwenye foronya, akalifuta kwa kanga japo halikuwa na vumbi, akanikabidhi. Kopi nilitoa, sikuwa mjinga kiasi hicho. Ila penseli ilikuwa imefifia na mashine yetu ya kopi ilikuwa kuukuu, ikatoa karatasi za kijivu zisizosomeka. Na simu za siku zile zilikuwa za kupigia tu.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Fomu ya vielelezo ina mstari unaosema: mwenye kielelezo. Fomu ile niliijua kuliko mtu yeyote, maana mimi ndiye niliyekuwa nikizipokea. Nilijua pia kanuni inayosema hoja ikiondolewa, kila kielelezo hurudishwa kwa mwenyewe. Lakini mtumishi wa Bunge haruhusiwi kuwa na mkono kwenye hoja, na mama ninachangia naye jina la ukoo. Nikaona wataniunganisha tu, nitafukuzwa. Nikaandika jina la Radi.

Siku ya tisa baada ya hoja kuondolewa, redio ilitangaza mabadiliko ya baraza la mawaziri. Radi ameula: Waziri wa Ujenzi. Ujenzi, jamani! Nikavaa viatu vyangu vya heshima, nikaenda wizarani.

Alinipokea vizuri mno. Aliinuka, akanivutia kiti yeye mwenyewe, akauliza hali ya mama.

“Mheshimiwa, nimefuata daftari.”

Alifunga mlango kwanza. Sauti yake siku hiyo haikuwa radi, ilikuwa ya mtu anayemweleza mgonjwa majibu ya vipimo.

“Dada yangu, wewe umesoma historia ya jambo hili kuliko mimi. Kura zisingetosha, ulijua. Sasa daftari lile lipo mahali salama, na watu wa Rais wanajua lipo. Ndilo linalonikalisha hapa. Nikikurudishia wewe, mimi nitakaa wapi?”

“Na kaka yangu?”

“Kaka yako tutamkumbuka. Tutaweka hata jiwe.”

Nilitaka kumpigia kelele mpaka makarani wakimbilie. Badala yake nikainuka. Nikasema asante. Mpaka leo sijui nilishukuru nini.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua mchele. Nikamwambia Radi amekataa kulitoa. Hakushangaa. Akauliza kama kuna sheria ya kumlazimisha, na hapo sikuwa na pa kukimbilia. Nikamweleza habari ya fomu, ya mstari ule, na jina nililoandika, na kwa nini. Nilieleza haraka haraka, huku nikitazama sinia.

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa nje, akatoa lingine. Nilitamani anitukane, tumalizane.

“Ungeandika jina langu, mwanangu,” akasema. “Mimi nina kazi gani ya kufukuzwa?”