Sanduku la Maji Mekundu

Mjukuu wangu alipohitaji mtu mwenye subira, alinijia mimi. Anasomea mambo ya maji chuoni. Ana sanduku la kioo, jembamba, refu kama benchi. Chini anaweka maji ya chumvi yenye rangi nyekundu, juu yake maji matupu. Hayo ya juu humiminwa kwenye sponji inayoelea, tone kwa tone, yasichanganyike. Yeye hana mkono huo. Mwaka mzima nimemimina mimi.

Siku ya mtihani naingia maabara, namkuta nani? Bi Miwani, mama wa baba yake, kashika jagi langu.

"Karibu, mwenzangu," akasema, utadhani ni kwake. "Nasikia siku hizi macho yanakusumbua."

"Yangu hayajatiwa madirisha bado."

"Bibi zangu, jamani!" mjukuu akacheka. "Leo yeye atamimina, wewe utainua sanduku."

Kuinua! Kazi ya mpagazi. Nikakaa namtazama, roho inaniuma. Nilimwombea akosee. Hakukosea. Mstari kati ya maji mekundu na meupe ulinyooka kama shuka lililopigwa pasi, nami nikauchukia.

Sanduku likafunikwa, walimu wakasogea. Mjukuu akaninong'oneza:

"Inua upande huu polepole, bibi. Mekundu yatashuka, meupe yatapanda, yatasuguana, na hapo katikati yatatokea mawimbi. Hayo ndiyo yanayozaa vurugu. Ukiinua kwa pupa, yote yatavurugika wasione wimbi hata moja, nami nitafeli."

Kumbe! Mtikiso mmoja tu, na kazi ya Bi Miwani ingekuwa sharubati. Mikono iliniwasha, sisemi uongo. Nikamwona mtoto anatafuna ukosi wa koti lake, kama alivyokuwa akifanya utotoni akiogopa sindano.

Nikainua polepole.

Kwanza kimya. Kisha mstari ukaanza kupinda, vilima vidogo vikajipanga. Kila kilima kikainama, kikajikunja, kikajisokota. Halafu misokoto ikapasuka, ikaingiliana, na ndani ya sanduku zima maji yakawa hayajui mekundu ni yapi.

"Hapo hapo wimbi limevunjika!" mwalimu mmoja akapiga paja. "Binti, umefaulu."

Bi Miwani akanisogelea. "Umeinua vizuri. Ila bila maji yangu ungeinua nini?"

"Na bila mimi yangelala hapo mpaka kesho."

Mjukuu akanikumbatia huku analia. Kisha akamkumbatia na Bi Miwani, na kwake, naapa, alikaa zaidi. Nikamvuta koti.

"Rudi hapa wewe. Mimi hujanimaliza."