Zambarau ya Mjomba

Na ijulikane kwa wateja wote, wa karibu na wa mbali, kwamba kuanzia leo Idara ya Rangi ya kiwanda hiki cha uchapaji iko chini ya Mkuu mpya, ambaye hatavumilia uzembe.

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni na Mkuu mwenyewe. Idara ilikuwa meza moja, kompyuta iliyokoroma kama mgonjwa, na kigoda kilichotaka kukaliwa kwa adabu. Mkuu alikuwa binti wa kidato cha tatu aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni, ambako wenzake walimwita Kiranja kwa kuwa hakuna mwalimu mwenye akili timamu ambaye angempa ukiranja. Kiwanda kilikuwa cha mama yake mdogo. Mama mdogo alilisoma tangazo, akaguna, akaliacha.

Kazi yenyewe haikuwa ya mzaha. Picha kwenye kioo cha kompyuta hutengenezwa kwa mwanga. Kwenye karatasi hutengenezwa kwa wino wa aina nne: samawati, majenta, manjano na mweusi. Kwa hiyo kila faili sharti ligeuzwe kutoka rangi za mwanga kwenda rangi za wino kabla ya kupelekwa mtamboni, na mtu aangalie kwa macho yake nini kimebadilika. Bluu kali ndiyo korofi kuliko zote. Ukiigeuza bila kuirekebisha, huelekea zambarau. Mama mdogo alimweleza Kiranja hayo yote, akamwachia kiti.

Siku hizo Mjomba, ndugu wa tumbo moja na mama mdogo, alikuwa akigombea uenyekiti wa chama cha wapangaji. Rangi yake ilikuwa bluu. Mpinzani wake, fundi saa mmoja mpole, alichukua zambarau. Wote wawili walichapa mabango hapo hapo, maana mama mdogo alijivunia kutokuwa na upande. Mjomba alipoleta faili lake alimkuta Kiranja, akauliza kama hakuna mtu mzima wa kumhudumia. Kisha akamtuma maji ya kunywa, akasema hayana baridi, akamtuma tena.

Mabango yakatoka, yakabandikwa kwenye ngazi za majengo yote. Mjomba alitabasamu, kifua mbele, juu ya zambarau tupu, na chini yake herufi kubwa zikasema: CHAGUA BLUU. Wapangaji walisoma, wakatazama rangi, wakasoma tena. Bibi mmoja wa ghorofa ya pili alimpa Mjomba mkono, akimsifu kwa moyo wa kumwachia mwenzake kiti.

Mjomba akaja kiwandani na bango kwapani. Hakufoka. Aliongea polepole, jambo ambalo katika ukoo ule ni baya kuliko kufoka.

"Mpigie kura unayemtaka, dada," alisema. "Lakini ungeniambia. Nisingekuja kuambiwa ngazini."

Kiranja ndiye aliyejibu. Alisimama, akafunga mikono nyuma, akaeleza kwa sauti ya msibani kwamba bluu ina tabia zake, kwamba mtambo haujui undugu, na kwamba Idara inasikitika. Yote yalikuwa kweli. Mjomba alianza kulegea. Mama mdogo naye alitikisa kichwa kukubali, huku akifungua faili la bango aone lilivyoharibika.

"Samawati sabini na mbili," alisoma vipimo vya wino, kila kimoja kwa asilimia. "Majenta tisini na moja. Manjano hakuna. Mweusi tatu."

Akafungua faili la fundi saa, akasoma tena, na namba zikawa zilezile.

"Bluu ikiharibika yenyewe huangukia zambarau yoyote," alisema bila kugeuka. "Hii imeangukia kwenye namba za mtu."

Kiranja alifikiria kusema ni bahati. Maneno alikuwa nayo, tena mazuri. Lakini Mjomba alikuwa amekumbatia bango lake kama mtoto mchanga, na macho yake ya lawama bado yalikuwa kwa dada yake.

"Ni mimi, Mjomba," alisema. "Mama mdogo hajui lolote. Nilinakili namba za fundi saa nikaziweka kwenye bango lako."

"Kwa nini hukuiacha iharibike tu?" aliuliza mama mdogo. "Nisingejua maisha yangu yote."

Kiranja alitazama sakafu.

"Ilikuwa inatoka zambarau mbaya," alisema. "Nikaona aibu kuichapa."