Tarakimu ya Tatu Baada ya Nukta

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja astaafu, na fundi wa maabara ya chumvi alikuwa amechoka ule uchovu usioondoka kwa kulala. Miguu ilikuwa inamvimba hata kabla ya saa nne asubuhi. Macho yalimwasha kwa kusoma namba. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile, mbele ya mashine za aina ileile, akipima chumvi ya maji ya bahari yaliyoletwa kwenye makreti na meli ya utafiti, chupa moja baada ya nyingine, mpaka wenzake wakambandika jina la Bi Chumvi. Jina hilo hakulichukia. Bahari yenyewe alikuwa ameingia mara tatu tu, na mara zote tatu alitapika.

Kazi hiyo watu waliiona ya kijinga. Mumewe, fundi bomba aliyeacha kazi kwa sababu ya mgongo, ndiye aliyeielewa upesi kuliko jamaa zake wote. Maji ya juu hutoka kwenye joto yakaelekea kwenye baridi. Huko yanapoa, na kwa kuwa yana chumvi nyingi yanakuwa mazito, yanazama hadi chini kabisa, kisha yanarudi polepole sana kwa njia ya chini. Mzunguko huo ndio unaobeba joto la dunia na kuligawa, huyu apate mvua, yule akaukiwe, mwingine agande kwa baridi. Dunia ikipata joto na barafu ikayeyuka, maji matamu huingia baharini, chumvi inapungua, na maji yanakuwa mepesi, hayataki tena kuzama.

"Kwa hiyo pampu inachoka," mumewe alisema siku alipoelezwa.

"Inachoka."

"Basi mwiteni fundi."

"Fundi naye yuko hoi, mume wangu."

Jumatatu ile alikuwa akipanga madaftari yake ili amwachie atakayechukua kiti. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ni lazima ieleweke kwamba mashine ya kupima chumvi haijui chochote yenyewe. Kila asubuhi hurekebishwa kwa chupa ndogo ya maji ya kipimo, ambayo chumvi yake imeandikwa kwenye lebo. Chupa moja ni ya siku moja. Ikishafunguliwa, kinachobaki humwagwa, hata kiwe kingi namna gani. Lakini miaka minne nyuma shehena ya chupa hizo ilichelewa miezi mitano, na makreti ya meli hayakuchelewa hata siku moja. Bi Chumvi akaanza kubana matumizi. Chupa moja akaitumia siku tatu, anaiziba, anaizungushia utepe, anaitia kwenye friji. Shehena ilipofika alikuwa ameshazoea, na akaendelea hivyohivyo kwa kuogopa kupungukiwa tena. Siku za chupa iliyofunguliwa tangu jana au juzi aliziwekea kinyota daftarini. Alijiona mjanja.

Sasa, akifunua kurasa bila haraka, aliona kwamba siku zenye nyota namba zote zilikuwa chini kidogo kuliko siku zisizo na nyota. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo mno, tarakimu ya tatu baada ya nukta. Akachukua daftari la mwaka uliotangulia, akakuta yaleyale. Akachukua la kwanza kabisa lenye nyota, yaleyale. Utepe haukuwa umezuia kitu. Maji yalikuwa yakipotea hewani na chumvi inabaki, hivyo maji ya kipimo yakawa yamekolea kuliko lebo ilivyosema, mashine ikadanganyika, na kila chupa ya baharini iliyopimwa siku hiyo ikaonekana imepungua chumvi. Akaliweka daftari chini, akakaa.

Chumba cha pili, nyuma ya ukuta wa mbao, Daktari, mtafiti wao mkuu, alikuwa anamalizia ripoti iliyosema hivyohivyo: kwamba ndani ya miaka minne maji yanayozama yamepungua chumvi kwa kasi ya kutisha. Ripoti ilikuwa iondoke Ijumaa. Hakuna aliyeuliza mara mbili, kwa sababu namba zilisema jambo ambalo kila mtu alikuwa ameshaanza kuliogopa. Na huyo Daktari ni Bi Chumvi aliyemfundisha kushika chupa, enzi zile akiwa mwanafunzi aliyevunja tisa katika wiki yake ya kwanza. Mbele za watu alimwita Daktari. Wakiwa wawili alimwita mwanangu.

Jioni alimkuta mumewe amelala chali sakafuni, akinyoosha mgongo. Alikaa kitini bila kuvua viatu, akamwambia yote.

"Nani mwingine anajua?" mumewe aliuliza.

"Mimi. Na sasa wewe."

"Mimi sijui kitu. Mimi ni mtu wa mabomba." Akatazama dari. "Kuna nyumba moja niliunga bomba vibaya, nikafukia na saruji haraka haraka, nikachukua changu nikaondoka. Miaka saba kila nikipita pale nautazama ule ukuta."

"Ulilowa?"

"Haukulowa hata siku moja. Lakini mimi nautazama tu, kama mwizi."

"Siku kumi na moja, jamani," alisema mkewe. "Nilichotaka ni kwenda kulala tu."

"Najua, mama watoto. Nenda kaoge kwanza."

Jumanne asubuhi alijikaza, akabisha hodi na madaftari manne kifuani. Daktari alidhani anakuja kuaga mapema, akamtania kwamba bado hawajanunua keki. Alipoona nyota zile, na kueleweshwa maana yake, utani ulimkauka mdomoni.

"Mama, niambie unatania."

"Sitanii."

"Miaka minne! Chupa zaidi ya elfu mbili! Mtu yeyote angefanya hivi nisingeshangaa, lakini wewe? Wewe ndiye uliyenifundisha kumwaga!"

Hayo maneno yalimwingia Bi Chumvi, na yalikuwa kweli. Daktari alijaribu kuondoa siku zenye nyota akabaki na siku chache zilizotapakaa huku na huko, zisizotosha kusema lolote. Alishika kichwa. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Na mapacha je?"

Mapacha zilikuwa chupa za akiba. Mabaharia walipoteka maji ya kina fulani, mara nyingine walijaza chupa mbili, moja ya kupimwa na moja ya kufungwa kabisa na kuwekwa ghala la chini, kwa siku kama hii ambayo kila mtu aliomba isifike. Walihesabu kwenye orodha wakapata mia mbili na kumi na mbili zilizokuwa mapacha wa chupa za siku zenye nyota. Mikono iliyoweza kuzipima kabla ya Ijumaa bila kukosea ilikuwa ya mtu mmoja tu jengo zima.

Basi akapima. Daktari mwenyewe alibeba makreti kutoka ghalani, akayaweka miguuni pa Bi Chumvi, akatoka. Kila asubuhi Bi Chumvi alifungua chupa mpya ya maji ya kipimo, na jioni akaimwaga kwenye sinki mbele ya macho ya Daktari. Kuosha mara tatu, kujaza, kusubiri, kusoma, kuandika. Kufikia Jumatano mchana vidole vilikuwa vimechanika kwa chumvi, na kiuno kilimuuma mpaka akawa anapima amesimama.

Mwanzoni alikuwa akiomba kosa liwe dogo, kama mkosaji yeyote. Ilikuwa Jumatano hiyo, katikati ya kreti la nne, alipojikuta anaomba kinyume. Kama kosa ni lake lote, basi bahari ni nzima. Maji yanazama kama zamani, joto linagawanywa kama zamani, na lililoharibika ni jina la mwanamke mmoja anayekwenda zake kustaafu. Tangu hapo kila chupa aliyoifungua aliitazamia ipande, irudi pale ilipokuwa kabla hajaanza kubana. Aitwe mzembe. Keki wale wenyewe. Kila namba iliyosimama njiani, bila kufika juu, ilimkata maini.

Alhamisi saa tisa alasiri alisoma chupa ya mwisho, akampelekea Daktari karatasi. Daktari aliingiza namba kwenye kompyuta huku ameuma mdomo. Bi Chumvi alisimama nyuma yake, kwa kuwa alijua akikaa hatainuka tena.

"Theluthi!" Daktari aliruka kutoka kitini. "Mama, ni theluthi tu! Theluthi ndiyo yako, zilizobaki mbili ni za kweli kabisa. Chumvi imepungua, na tumelithibitisha mara mbili! Nitaandika kosa lilivyokuwa na tulivyolisahihisha, na ripoti inaondoka kesho. Imepona! Tumepona!"

Alimkumbatia kama mtoto aliyefaulu mtihani. Ndipo akahisi mabega ya yule mama yakitetemeka, akamrudisha nyuma kidogo amtazame. Alikuwa analia waziwazi, hajifichi, machozi yanamfika kidevuni.

"Usilie, mama. Mimi nilikupandishia sauti, nisamehe. Kosa lako lilikuwa dogo sana."

"Najua, mwanangu," alisema Bi Chumvi. "Hilo ndilo linaloniliza."

Daktari akageuka, akazitazama tena zile namba zilizobaki, na safari hii akazisoma moja moja, taratibu, mpaka ya mwisho. Akavuta kiti, akakaa.