Mgongo wa Winchi

"Mzee, huu mgongo unakubeba vipi mpaka leo?"

Mpiga picha wa hospitali alisema hivyo akiwa ameinua picha ya mume wangu kwenye taa, mkono wa pili kashika kikombe cha chai, kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Hakuwa na nia mbaya. Lakini mpaka leo nikimkumbuka natamani kinywa chake kingekuwa kimejaa mkate saa ile.

Mimi nilikuwa kwenye benchi, nimeshika picha yangu mwenyewe, na moyo ulikuwa unanidunda kwa sababu nyingine kabisa. Yangu ilikuwa safi. "Mgongo wa msichana," aliniambia yule yule. "Hauna kitu."

Sasa, msije mkadhani tulikwenda pale tunaumwa wote wawili. Mgonjwa nilikuwa mimi. Mimi ni dobi, nina chumba cha kufulia na kupiga pasi mbele ya nyumba yetu, na kwa miaka kiuno kimekuwa kikiniwaka moto kila nikisimama kwenye meza ya pasi. Kuna asubuhi nilikuwa navaa viatu nikiwa nimelala chali. Mume wangu kazi yake ni kuhamisha vyombo vya watu. Friji analifunga kwa mkanda mgongoni, anapanda nalo ngazi peke yake huku anapiga mluzi. Mtaa mzima unamwita Winchi, hata mama yake mzazi. Mgongo haujawahi kumuuma hata siku moja, kwa hiyo hakuamini kwamba migongo ya wengine inauma.

"Kiuno chako kina akili sana," alikuwa akinitania. "Kinaijua siku yenye mashuka mengi."

Mama mkwe, tunayeishi naye, hakuwa na utani. Yeye alikuwa anaguna tu. Ana chupa ya dawa ya kuchua aliyoifungia kabatini, anaitunza kuliko pete yake ya ndoa, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kupakwa hata tone.

Ndipo nikasikia kwamba kuna daktari, mama mmoja mpole, anafanya utafiti wa maumivu ya mgongo. Alikuwa anatafuta watu wanaoumwa, pamoja na watu wa rika lao ambao hawaumwi kabisa, awapige picha wote kwenye ile mashine kubwa ya sumaku, kisha alinganishe. Nilikwenda mbio. Winchi alinisindikiza, na daktari alipoyaona mabega yale akamuuliza kama angekubali kuwa upande wa wazima. Mume wangu alivimba kichwa pale pale.

"Niwekeni wa kwanza," alisema, "ili wengine muwe na cha kuwapimia."

Sitaficha nilichokitaka mimi. Nilitaka picha mbaya. Nilitaka kitu kilichopinda au kuvunjika, kinachoonekana kwa macho, nikaweke mezani mbele ya mama mkwe na mwanawe niwaambie: haya, guneni sasa.

Daktari alikuwa ametueleza mapema kwamba picha hizo ni za utafiti, zitabaki kwao, na kwamba akiona jambo la hatari atatuita mwenyewe. Tuliitikia kwa vichwa. Lakini kwetu nani anatoka hospitali mikono mitupu? Picha ya hospitali ni mali. Inatunzwa chini ya godoro, mgeni akija inatolewa na kuinuliwa dirishani, na kila mtu ananyoosha kidole mahali asipopajua. Winchi alimbembeleza mpiga picha, akamchekesha, akamsifia mashine yake, mpaka jamaa akatutolea zote mbili. Ndipo alipoitazama ile ya mume wangu na kuropoka.

"Kwani una nini?" Winchi aliuliza, bado anacheka.

"Diski hizi mbili zimekwisha. Hii imetokeza nje, unaiona? Na hapa pana ufa. Na wewe kazi yako kubeba..." Akanywa chai. "Ila usiniulize mimi, mimi napiga picha tu."

Kicheko kilimwishia mume wangu mdomoni. Akapeleka mkono kiunoni, taratibu, mahali ambapo sijawahi kumwona akipashika. Tulipofika kwenye ngazi za kutokea, Winchi alishika ukuta. Winchi! Asubuhi ile ile alikuwa ameteremsha kabati la milango mitatu kutoka ghorofani, sasa anashuka ngazi za hospitali kwa kupapasa ukuta. Nilisimama nyuma yake nimekodoa macho, nisijue nimshike au nimwambie aache mzaha.

Haukuwa mzaha. Alifika nyumbani akalala, na kesho yake hakuweza kuinuka.

Mama mkwe alipiga ukelele ambao mtaa wote uliusikia. Picha ikabandikwa kwa selotepu kwenye kioo cha dirisha la chumbani, na majirani wakaanza kumiminika. Fundi viatu alikuja, akatazama, akashika tama. Mwenye duka alisema alimjua mtu wa mgongo kama huo na akakataa kutuambia yaliyompata. Ile chupa ya dawa ikatoka kabatini, ikashinda kwenye stuli kando ya kitanda.

"Na yako inasemaje?" mama mkwe aliniuliza mbele ya watu.

"Ni safi, mama."

Akaguna. Safari hii hata wageni waliuelewa mguno wenyewe. Nilikwenda kujifungia bafuni nikalia, na sitasema kwamba nilikuwa namlilia mume wangu peke yake.

Basi tukaingia katika maisha ambayo sikuwahi kuyaota. Mume wangu alikuwa anaumwa, tena kweli kweli. Akigeuka kitandani anapiga kelele. Akikohoa machozi yanamtoka. Nilimvisha soksi nikiwa nimepiga magoti, kiuno changu kikiniwaka, na mama mkwe amesimama juu yetu ananiambia nimvishe polepole nisimtingishe. Wenzake wa kazini walikuja kumwita, kuna familia inahama. Akawaambia wamtafute mwingine. "Nikiinua hata ndoo nitakatika katikati," alisema, na hakuwa anacheka. Mkanda wake wa kubebea mizigo ukabaki unaning'inia nyuma ya mlango. Mtu aliyekuwa akifungua kinywa nyumba nzima inacheka, sasa analitazama dirisha lile kutwa, anauchunguza ufa wake. Niliogopa. Niliona wazi kwamba nampoteza mume wangu akiwa hai kitandani.

Alasiri moja nilikuwa napita na beseni la nguo mbichi, akaniita.

"Mke wangu. Kumbe ndivyo ulivyokuwa unaumia?"

Nikasimama na beseni langu. "Ndivyo."

"Na mimi nilikuwa nakucheka." Akanishika mkono wenye povu. "Nilikuwa punguani."

Neno hilo nililisubiri miaka. Lilikuwa tamu mpaka nikaona haya, maana aliyelisema alikuwa hawezi hata kukaa. Na halikudumu. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Usijifananishe naye, mwanangu," alisema. "Wewe una picha."

Hapo ndipo wazo liliponijia: wamezibadilisha! Kwa nini sikufikiria tangu mwanzo? Picha mbovu ni ya mgonjwa, safi ni ya mzima. Mpiga picha na chai yake alichanganya majina. Ule mgongo ulioharibika ni wangu. Asubuhi, mume wangu akiwa bado amelala na mama mkwe yuko uani, niliibandua picha dirishani, nikachukua na yangu, nikaondoka karibu kukimbia. Niliomba Mungu mgongo mbovu uwe wangu. Sijui kama kuna mwanamke mwingine aliyewahi kuomba ombi kama hilo.

Daktari alipoziona picha mikononi mwangu alibaki mdomo wazi.

"Nani amekupa hizi?"

"Hilo tutaliongea, daktari. Zimechanganywa. Hii mbovu ni yangu."

Alizichomeka kwenye ubao wa taa, akasogea. Alinionyesha mifupa ya chini, ile ya nyonga. "Tazama hapa. Nyonga hizi ni za mwanamke, zimepanuka. Na hizi nyembamba ni za mwanamume. Hazikuchanganywa, mama. Safi ndiyo yako."

Nilikaa bila kukaribishwa.

"Kwa hiyo mimi ni mwongo," nilisema.

"Nani kakwambia hivyo?" Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane. "Nisikilize. Tumepiga picha za watu wengi wazima, watu wanaobeba, wanaolima, wanaocheza mpira. Wa umri wa mume wako, wengi wao migongo yao iko hivi hivi. Diski zinachakaa kama kichwa kinavyoota mvi. Na wanaoumia kama wewe, wengi picha zao hazina kitu. Ndiyo maana tunafanya utafiti wenyewe. Maumivu hayaonekani kwenye picha."

"Sasa mimi kinaniuma nini?"

"Neva zako zimezoea kupiga kelele. Zilianza siku moja kwa sababu, sababu ikaisha, kelele ikabaki. Kelele hiyo ni ya kweli, na inatulizwa. Kwa kutembea, kwa mazoezi ya kuongeza kidogo kidogo, kwa kulala vizuri. Nilikuwa nikuite wiki hii uanze."

Nilimtazama. Alikuwa amesema *ya kweli* kama mtu anayetaja rangi ya ukuta, bila kushangaa.

"Na mume wangu?" nikasema. "Alikuja hapa anapiga mluzi. Tangu apewe picha hii hainuki. Anapiga kelele akijigeuza."

Daktari alishika kichwa kwa mikono miwili. "Ndiyo maana nilisema zibaki hapa," alisema. "Ameingiwa na hofu, hofu imemlaza, na mwili ukilazwa unakakamaa, unauma. Mwambie ainuke leo. Atembee hata uani. Hakuna kitakachokatika."

Nilimwachia picha zake, nikatoka. Friji, makabati, ngazi za ghorofa, vyote havikumwangusha Winchi. Alikuja kuangushwa na maneno ya mtu anayekunywa chai.

Lakini nilipofika mlangoni kwetu mkono uligoma kusukuma mlango. Niseme kweli yote. Nikimwambia, atainuka. Akiinuka, atacheka. Atasema, kumbe picha si kitu, basi na wewe simama upige pasi, na kiuno changu kitarudia kuwa na akili. Mume aliyenishika mkono wenye povu atakwenda zake pamoja na ugonjwa wake. Nikasema moyoni, si lazima leo. Anipende hivi hivi mpaka Jumamosi.

Ndipo nikamsikia ndani akijigeuza. Alitoa ile sauti, pumzi inayokatwa katikati. Naijua pumzi hiyo, nimeivuta mwenyewe nikiwa nimelala chali na kiatu mkononi. Nikasukuma mlango.

Nilimweleza yote. Alinisikiliza amekunja uso, kisha hasira zikampanda.

"Kwa hiyo daktari anasema naumwa uongo?"

"Hajasema hivyo. Sasa hivi ulivyojigeuza, ulikuwa unaigiza?"

"Niigize nini! Nimeona nyota mchana!"

"Hata kama picha haina la kusema?"

"Picha itajua nini?" alifoka. "Anayeumia ni mimi!"

Nilimwona anayasikia maneno yake mwenyewe. Alitazama dirisha, ambako palibaki vipande vya selotepu tu na mwanga unaingia, akanitazama mimi. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, nikayameza.

"Nipe mkono," alisema baadaye.

Aliinuka kwa kuuma meno. Tulitembea mpaka uani, kijasho chembamba kinamtoka, kila hatua anasubiri kitu kikatike. Hakuna kilichokatika. Tukarudi. Alipofika mlangoni alikuwa anatetemeka, na nusu ya kutetemeka ilikuwa kicheko.

Mama mkwe alitukuta hapo, chupa mkononi. "Nani kamwinua? Lala, mwanangu, nikuchue!"

"Mchue yeye, mama."

"Nani?"

"Mke wangu."

"Si picha yake ni sa..."

"Anaumwa, mama," Winchi alisema. Hakupandisha sauti. "Ameumwa miaka, na sisi tunamwona."

Mguno ulianza kooni kwa mama mkwe, haukufika popote. Alisimama akimtazama mwanawe aliyesimama kwa miguu yake, akanitazama mimi, akaitazama chupa. Kisha akafungua kizibo.

"Panauma wapi?" aliniuliza.

Niligeuka, nikampa mgongo, nikamwonyesha kwa kidole.