Mpini wa Mama

...tano na kiganja, anasema Mama, anainua mpini wa jembe lake kutoka kwenye kamba ya mshazari, na Mjomba Luhende tayari anacheka, "Si nilikwambia, dada? Kona imepinda! Ng'oa vigingi, kesho mafundi wakija nitawapangia mimi," atawapangia yeye, nyumba ya Mama, kwenye kiwanja alichokihangaikia Mama miaka yote hapa Itetemia, ati yeye, na mimi nimechuchumaa kwenye kona nimeshika ncha ya kamba, chuoni, kwenye bunge letu la wanafunzi, ningeshasimama, taarifa, mheshimiwa! lakini taarifa gani, tatu upande huu, nne upande ule, mshazari lazima utoke tano, tisa na kumi na sita ni ishirini na tano, hapo pembe ni mraba, kanuni haidai mita wala futi, chochote kinatosha, hata mpini, mimi mwenyewe nilimwambia Mama asubuhi, akacheka mpaka akakaa chini, "Kumbe jembe langu limesoma!" na sasa kiganja kizima kimezidi... "Spika kanyamaza leo," Mjomba ananichokoza, anaegemeza jembe lake ukutani kwa jirani, kando ya la Mama, na mpini wake unaupita wa Mama, vidole vitatu hivi... ngoja... ule upande wa nne aliupima nani, Mama alipima tatu, Mjomba akaingilia, lete nikusaidie, mpini wako wa kike huo, akapima nne kwa wake, kwa wake! akapigilia kigingi mbali, sasa mshazari usizidi kwa nini, ungetoka tano kamili ndipo ningelia, jamani, kona haijapinda, tumechanganya majembe! "Mama, using'oe! Nne ile ipime tena, kwa mpini wako," Mama ananitazama, anayatazama majembe mawili, anapiga kigelegele kabla sijaeleza, anachukua jembe lake, kigingi cha Mjomba kinarudi nyuma kwenye mstari uleule, na nilikuwa na hotuba, wallahi, aya tatu juu ya mipini ya kike, imeyeyuka yote, goti linawaka moto, sisimami, siachii kamba, Mama anahesabu mshazari kama anaimba, moja, mbili, Mjomba ameinama karibu kabisa, kofia mkononi, tatu, nne, na mpini unalala mara ya mwisho, ncha yake inagusa kigingi, inagusa tu, "Tano," anasema Mjomba, kabla ya Mama.