Mbu Wanaoitika Takwenya

Asubuhi moja ya ukame wa mwaka 2000, katika maabara ndogo mjini Kajiado, Roda Mbaluka aling'oa mguu wa mbu kwa koleo ndogo, akausaga ndani ya kichupa, akautia dawa na kuuweka kwenye mashine ya DNA. Mbu hao walitoka kwenye silanga, bwawa la kunyweshea mifugo, ya mama mmoja mfugaji aitwaye Nalangu, kule Kitengela. Homa ilikuwa imelaza watu, na wakubwa walitaka kujua kama mbu hao ni wenyeji au wageni. Wakiwa wageni, silanga ingefukiwa. Ng'ombe wa Nalangu hawakuwa na maji mengine.

Kazi yenyewe ni ya kawaida. DNA ikishaiva humiminwa kwenye jeli, kisha husalimiwa. Ya mwenyeji huitika na mstari wake ukajitokeza. Ya mgeni hunyamaza.

Roda, mzaliwa wa Machakos, alisalimia kwa Kimaasai kama alivyosikia vijana wa stendi wakisalimiana.

"Sopa!"

Kimya. Akaandika: wageni.

Nalangu aliposikia, alikuja mwenyewe, akavuta kiti. "Hebu salimia nisikie."

"Sopa!" Roda akarudia. Kimya.

Nalangu akasonya. "Wewe Roda, mbu yenye inauma ni mwanamke. Unasalimia mama kama mwanaume?" Akainamia jeli. "Takwenya."

"Iko," mbu wakaitika wote, kwa sauti za akina mama waliochoka kungoja adabu. Mistari ikajitokeza mahali pa wenyeji. Roda aliona aibu, kwa maana hata kwao Ukambani salamu huchagua mtu.

Alasiri wakaenda wote wawili nyuma ya shamba la maua lililopakana na silanga. Huko kulikuwa na rundo la matairi yaliyoletwa kwa meli, yamejaa maji ya kunyunyizia maua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Matairi yale yalikaa miaka, na badala ya jembe yakapewa askari wa kuyalinda. Mbu wa matairi hayo walisalimiwa kwa Kimaasai, Kikamba na Kiswahili. Hawakujibu. DNA ya mmoja ilitoa mlio wa honi ya meli, basi.

Roda akapeleka majibu kwa Katee, mkubwa wake.

"Wageni wako kwa matairi, bwana. Wa silanga ni wa hapa."

"Madam, shamba la maua limeandika watu kazi. Silanga imeandika nani?"

Hata hivyo alikuwa mtu wa adabu. Akainamia jeli, akasema, "Takwenya," nao wakamwitikia vizuri. Akanyooka, akatia sahihi amri ya kufukia silanga. Huo ni unyama, na kuupamba kwa neno laini ni kuushiriki.

Tingatinga likaja, likamwaga udongo wa murram ndani ya silanga. Ng'ombe wa Nalangu wakaanza kuanguka mmoja mmoja njiani wakitafuta maji. Homa haikupungua, mwanawe Leshan naye akalala nayo.

Mbu wa silanga, kwa kukosa pa kwenda, walihamia kwenye dari ya Nalangu. Jioni akiingia huwaambia takwenya, nao huitika iko, kisha kila mtu anaendelea na shughuli zake. Wale wa matairi huingia bila hodi, humuuma mtoto, halafu hurudi kwenye maji yao.