Breki ya Pili

Pale kwenye shule ya udereva walimwita Mama Breki, na jina hilo hakupewa bure, alilitolea jasho. Gari la kufundishia huwa na breki ya pili upande wa abiria, ili mwalimu aikanyage pale mwanafunzi anapotaka kumpeleka mbele ya haki kabla ya siku yake. Walimu wengine waliikanyaga wakanyamaza, mwanafunzi akashuka garini kifua mbele, akijiona dereva. Mama Breki hakutaka mchezo huo. Alimwita fundi wa umeme akamfungia kengele ndogo chini ya dashibodi, na kila alipoigusa breki yake kengele ikalia, triii! Mwanafunzi akajua hapohapo kwamba gari halikusimamishwa na yeye.

"Usione haya, sikia," aliwaambia wote. "Siku utakayoendesha bila kuisikia, siku hiyo nitakupa mkono."

Watu wazima na akili zao walitoka jasho kwa kengele ile. Kuna daktari wa meno, mtu wa kuogopwa na mji mzima, aliisikia mpaka akaomba asimame kando anywe maji.

Sasa mama huyu alikuwa na binti mmoja tu, mboni ya jicho, aliyekuja baada ya ndoa kukaa kimya hadi majirani wakachoka kuuliza. Baba yake alimwita Bosi tangu akitambaa, na mtoto naye akalishika jina kwa mikono miwili. Alipotimiza miaka kumi na minane na kumaliza shule, mama akamkalisha kwenye usukani kama mwanafunzi mwingine yeyote.

Siku ya kwanza kengele ililia kuliko kasuku. Bosi akaangua kilio katikati ya barabara, magari nyuma yakipiga honi.

"Mama, wewe hunipendi! Unanipigia kengele kama mwizi!"

Siku ya pili alijifungia chumbani, hakutaka hata kuliona gari. Mama akasimama nje ya mlango, akabembeleza, akaapa kwamba leo itakuwa afadhali. Kisha akatangulia garini, akapenyeza mkono chini ya dashibodi na kuchomoa waya wa kengele. Leo tu, alijiambia.

Leo ikazaa kesho. Kila asubuhi aliuchomoa waya kwa ajili ya mwanawe, na kila mchana aliurudisha kwa ajili ya watoto wa wenzake. Bosi alikata kona, akapita makutano, akasimama kwenye vivuko pasipo kugusa mtu, na chini kule mguu wa mama ulifanya kazi ya punda bila hata kusikika.

"Umeona, mama? Siku hizi hata hailii!"

"Nimeona, mwanangu."

Siku ya mtihani barabara ilikuwa tupu, na askari aliyempima alikuwa na haraka zake. Leseni ikapatikana. Mama Breki alishangilia na wengine.

Bado hajapata pumzi, mumewe akaja na lake. Mume huyu alikuwa mkandarasi wa majengo, mtu wa kushinda juani, na neema ilipomfikia aliipokea kwa fujo. Jumapili moja, mezani, alimsukumia mkewe simu yenye picha ya gari jeusi, linang'aa, jipya kabisa, la bei mbaya.

"La Bosi hilo," akasema. "Nimeshaliagiza."

"La nani? Baba, huyu mtoto bado hajui barabara. Mpe lile pikapu lako la saiti, azoee nalo kwanza."

"Mwanangu anuke saruji? Mimi nilitembea kwa miguu mpaka nikaota sugu, Mwalimu. Sikutembea ili na yeye atembee."

"Hakuna aliyesema atembee. Nasema asianze na hilo. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Methali ilipomtoka, ulimi wake mwenyewe ulimwasha. Nyani haoni kundule, lakini huyu aliliona vizuri sana.

Mumewe akaegemea kiti. "Sema ukweli. Una wivu. Miaka yote unaendesha gari la shule, mimi sikukununulia hata baiskeli. Linakuuma kwamba mtoto amekutangulia."

Lilimuuma, ndiyo. Mangapi hajayatamani kwenye ndoa ile! Lakini hilo lilikuwa chungu la kumeza, na alishazoea kumeza. Lisilomezeka lilikuwa jingine: mtoto wake angetoka na gari lile, peke yake, bila mguu wa mtu upande wa pili, akiamini kabisa kwamba anajua kusimama. Angeua mtu, au angekufa. Usingizi ukampaa.

Akapiga moyo konde. Ijumaa jioni akaomba gari la shule, akamwambia mumewe apande nyuma amwone binti yake anavyoendesha. Safari hii waya aliuacha mahali pake.

Kengele ililia kwenye kona ya kwanza. Ikalia penye soko, ikalia nyuma ya basi, na kwenye kivuko mbele ya duka la dawa, mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni akiwa katikati ya barabara, ililia kwa mfululizo mpaka gari likasimama. Yule mwanamke aliwatazama, akapita. Bosi akainama kutazama chini ya dashibodi.

"Hii imeanza lini tena kulia?"

"Haikuanza, mwanangu. Mimi nilikuwa nachomoa waya."

"Kwa hiyo siku zote hizo nilizokuwa naendesha..."

"Tulikuwa tunaendesha wawili."

Bosi hakulia. Laiti angelia! Alimgeukia mama yake kama mtu anayejaribu kukumbuka sura.

"Ulinipigia makofi, mama. Siku ile nilipoikata kona ya soko. Ulinipigia makofi."

 Mama Breki aliona aibu, aibu kavu isiyo na machozi, na chini yake akaona pia nafuu, maana sasa baba mtu ameshuhudia kwa macho yake. Alingoja sauti ya nyuma iseme basi, gari tuliache kwanza.

"Nimeelewa," mumewe akasema polepole. "Gari nililomchagulia linafunga breki lenyewe. Likimwona mtu mbele, linasimama. Ndiyo maana bei yake iko vile. Kumbe hilihili ndilo alilokuwa analihitaji!"

"Baba, umeona yule mama na mtoto?"

"Nimemwona. Na nimekuona na wewe. Afadhali gari, halitamdanganya."

Wiki iliyofuata wakaenda kulichukua, watatu. Kijana wa dukani alimpitisha Bosi kwenye vitufe kimoja kimoja, kwa subira. Akamweleza kwamba gari likikaribia kitu litampigia mlio kwanza, na asipojibu ndipo litafunga breki. Akamwonya asilitegemee sana. Lina siku zake za kutoona. "Mlio ndio rafiki yako, dada. Unakwambia umechelewa."

Wakalijaribu hapohapo uani. Bosi akalielekeza kwenye ukuta, na gari likapiga kelele ya kutosha kuamsha mtaa. Akalirudisha nyuma, likapiga tena. Wateja wawili waligeuka kutazama, mmoja akatabasamu.

Bosi akakunja uso. "Huu mlio unazimika?"

Kijana akasita. "Unazimika, lakini hatushauri..."

"Mzimie," baba akasema. "Gari ni lake. Sitaki aaibike mbele za watu."

Mama Breki, aliyekuwa amesimama nyuma ya gari, akafungua mdomo. Kwenye kioo cha ndani macho ya binti yake yalikuwa yanamngoja.

"Mama, na wewe utasema? Si ulikuwa unauzima mwenyewe?"

Hakulisema kwa kejeli. Aliuliza tu, kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu, na hapo ndipo palipomchoma. Akaufumba mdomo. Kijana akabonyeza kitufe, akasema tayari.

Mama akazunguka gari, akashika mlango wa mbele, upande wa abiria, kwa mazoea ya maisha yake yote.

"Huko anakaa baba," Bosi akasema. "Wewe panda nyuma."

Akapanda nyuma. Gari likatoka getini kimya kimya na kuingia barabara kuu, ambako lori lilikuwa linakuja kutoka kulia, na Bosi alikuwa anamcheka baba yake. Mguu wa Mama Breki ukatafuta pedali, ukakuta zulia jipya, laini, la bei mbaya.